Mwongozo kamili wa kutembea na kula Hanoi, hatua kwa hatua, kwa saa za mji wenyewe

Nimeamua kuandika hii maana maswali yanayokuja ni yale yale. Mtu kaenda Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, kafika kwenye kaburi la Ho Chi Minh, kiongozi wa uhuru wao, saa nane mchana kakuta pamefungwa, usiku katafuta bún chả (nguruwe wa kuchoma na tambi) kaambiwa imeisha toka mchana, kaogopa kuvuka barabara, mwisho kaishia kula wali na kuku hotelini kwa bei ya kuumiza halafu anarudi anasema Hanoi haina kitu. Hanoi ina vitu jamani, tena vingi, tatizo ni kwamba kila kitu pale kina saa yake. Supu ina saa yake, nyama choma ina saa yake, makumbusho nayo hivyo hivyo. Ukizifuata hizo saa siku moja tu inatosha kuona na kula vitu ambavyo wengine wanavikosa wiki nzima.

Kwa hiyo hapa chini nimepanga siku moja nzima toka alfajiri mpaka usiku. Kama una siku mbili au tatu, igawanye, ila usivuruge mpangilio wa saa.

## Vitu vya kuandaa kabla hujapanda ndege

Viza ya mtandaoni. Toka Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, inakaa mpaka siku 90, dola 25 ukiingia mara moja na dola 50 ukitaka kuingia na kutoka zaidi ya mara moja. Omba kwenye tovuti ya serikali tu, ile inayoishia na gov.vn. Ziko tovuti nyingi zinazofanana nayo ambazo zinakutoza mara tatu. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote, kwa mpangilio ule ule, maana watu wetu wenye majina matatu au manne ndio wanaokwama hapa na kukataliwa hata kupanda ndege. Ichapishe kwenye karatasi, usitegemee simu.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Unatoka Afrika Mashariki, beba tu, isikusumbue mlangoni.

Hela. Dola safi zisizokunjwa wala kuandikwa peni, pamoja na kadi ya benki ya kutolea kwenye ATM. Mitaani kwa mama ntilie wa kule ni keshi.

Apu ya Grab kwenye simu. Ndiyo wanayoitia pikipiki na magari. Isajili ukiwa bado nyumbani, kwa sababu wanatuma namba ya uthibitisho kwa meseji na laini yako ikikosa mtandao kule umekwama. Pakua pia ramani ya Hanoi ya kutumia bila intaneti, na apu ya kutafsiri inayosoma maandishi kwa kamera.

Adapta ya plagi. Plagi zetu za pini tatu nene haziingii kule, wao wanatumia pini mbili. Umeme ni volti 220 kwa hiyo chaja yako haitaungua.

Nguo za kufunika mabega na magoti angalau seti moja, kwa ajili ya mahekalu na kaburi. Na kama unaenda Desemba mpaka Februari beba sweta na koti, usidanganywe na neno Asia ya kusini mashariki, Hanoi ina baridi yenye manyunyu na nyuzi zinashuka mpaka 10 hivi. Juni mpaka Agosti ni joto la kuchemka na mvua kubwa. Mwezi mzuri kuliko yote kwangu ni Oktoba na Novemba, hewa kavu, jua la wastani.

Tishu na sanitaiza. Vibanda vingi vya chakula choo chake hakina karatasi.

Na angalia kalenda. Sikukuu yao ya mwaka mpya, Tết, inaangukia mwishoni mwa Januari au Februari, na siku zile za mwanzo karibu kila kibanda kinafungwa kwa sababu watu wamerudi vijijini kwao. Ni sherehe nzuri, ila kama lengo lako ni kula mitaani utapata taabu.

## Hatua ya 1: Kutoka uwanja wa ndege

Uwanja unaitwa Nội Bài, uko kama kilomita 30 kaskazini ya mji. Una njia mbili za maana.

Ya kwanza ni basi namba 86, linaloenda mpaka stesheni ya treni ya Hanoi likipita karibu na mji wa zamani, nauli haifiki dong (hela ya Vietnam) elfu 50. Ya pili ni gari la Grab au zile teksi za umeme za Xanh SM, kama laki tatu hivi mpaka katikati ya mji, bei unaiona kwenye simu kabla hujapanda.

Angalizo: ukitoka tu mlangoni watakuja watu wanakuuliza unaenda hoteli gani, wengine wanakuonyesha hata kadi yenye jina la hoteli yako. Usiwafuate. Mbinu yao ya zamani ni kukupeleka hoteli nyingine yenye jina linalofanana. Nunua laini ya simu palepale ndani ya uwanja (pasipoti wataitaka), washa intaneti, ita gari lako mwenyewe, hakikisha namba ya gari inafanana na ya kwenye simu.

Hoteli tafuta ya mji wa zamani, karibu na ziwa la Hoàn Kiếm. Sababu ni kwamba karibu kila kitu kwenye mwongozo huu utakifikia kwa miguu.

Utajua umefanikiwa kama umefika hotelini kwa bei uliyoiona kwenye simu na hakuna mtu "aliyekusaidia" njiani.

## Hatua ya 2: Zizoee noti kabla hujanunua chochote

Hii watu wanaipuuza na ndipo hela zinapopotelea. Noti kubwa kabisa ni dong 500,000, na ni ya bluu. Noti ya 20,000 nayo ni ya bluu. Usiku kwenye taa hafifu, umechoka, muuzaji ana haraka, unatoa laki tano ukidhani ni elfu ishirini na hakuna atakayekukimbiza kukurudishia. Ile ya 10,000 na ya 200,000 nazo zinakaribiana rangi.

Fanya hivi: hotelini zitandaze kitandani, zisome tarakimu. Kisha za laki moja kwenda juu weka mfuko mmoja, ndogo ndogo mfuko mwingine. Ukilipa, hesabu kwa sauti.

Na njia ya kukadiria bei haraka, kwa viwango vya miaka hii ya karibuni: Mtanzania kata sifuri moja, dong 60,000 ni kama shilingi 6,000 hivi. Mkenya, laki moja ya dong ni kama shilingi 500. Siyo hesabu ya benki ila inatosha kukufanya ujue unalaliwa au la.

Utajua umefanikiwa ukiambiwa bei na mkono ukaenda kwenye noti sahihi bila kusita.

## Hatua ya 3: Kuvuka barabara

Hapa nitakaa sana kwa sababu bila hii hatua zote zinazofuata hazipo. Kuna watu wamesimama ukingoni mwa barabara pale ziwani dakika nyingi wanangoja pikipiki ziishe. Haziishi.

Kitu cha kwanza: Vietnam wanaendesha kulia. Aliyekulia Tanzania, Kenya au Uganda shingo yake imezoea kugeuka kulia kwanza, na kule kwenye upande wa barabara ulio karibu yako vyombo vinatokea kushoto. Jilazimishe, kushoto kwanza. Wa Kongo, Rwanda na Burundi ninyi hamna shida hapa. Ila hata hivyo angalia pande zote, maana kuna pikipiki zinazokuja kinyume zikibana ukingoni, na nyingine zinapanda hadi kwenye njia ya miguu.

Sasa namna yenyewe:

1. Simama ukingoni, subiri mwanya mdogo ambapo hakuna gari wala basi. Pikipiki zikiwepo sawa.
2. Shuka, anza kutembea polepole kwa mwendo ule ule. Mkono mmoja unaweza kuushusha kando kiganja kikiwa wazi, waendeshaji wakuone.
3. Usikimbie. Usisimame ghafla. Na usirudi nyuma hata moyo ukienda mbio vipi.
4. Watazame waendeshaji, usitazame simu.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu mwendesha pikipiki anakuona toka mbali na anapiga hesabu utakuwa wapi akikufikia, halafu anapita nyuma yako au mbele yako. Hesabu yake inategemea mwendo wako usibadilike. Ukiruka mbele au ukarudi nyuma umeivuruga, na wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo, ajali nyingi za wageni zinatoka kwenye hicho kitendo cha kurudi nyuma kwa hofu.

Angalizo kubwa: hii ni kwa pikipiki. Gari na basi havikukwepi, hivyo visubiri vipite. Toka Januari 2025 faini za kupita taa nyekundu zimepandishwa sana na madereva wanaheshimu taa kuliko zamani, kwa hiyo palipo na taa tumia taa. Mara ya kwanza kama umeshindwa kabisa, tafuta mama wa makamo anayevuka, kaa upande wake ambao pikipiki hazitokei, tembea naye hatua kwa hatua. Hakuna atakayekushangaa.

Utajua umefanikiwa ukifika ng'ambo bila kubadilisha mwendo hata mara moja. Baada ya mara chache mwili unazoea wenyewe.

## Hatua ya 4: Asubuhi, supu halafu kaburi

### Saa kumi na mbili na nusu: phở

Amka mapema. Phở ni chakula cha asubuhi kwa mtu wa Hanoi, supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka usiku kucha na nyota ya anisi, mdalasini na tangawizi iliyochomwa, ndani kuna tambi bapa za mchele na nyama. Sehemu nyingi nzuri zinamaliza sufuria kabla ya saa nne au saa tano asubuhi, wengine wanafungua tena jioni. Ukiamka saa nne unakuta meza zinafutwa.

Mtaa wa Bát Đàn namba 49 kuna phở ya siku nyingi ambayo watu wanapanga foleni njiani. Pale utaratibu ni: unapanga foleni, unasema unachotaka, unalipa, unapokea bakuli lako na kulibeba mwenyewe mpaka kwenye kiti. Usikae kwanza ukingoja mhudumu, hatakuja.

Agiza *tái* kama unataka nyama iliyokatwa nyembamba ikaivia kwenye supu ya moto, *chín* kama unataka iliyoiva kabisa. Mimi ninapendekeza *chín* kwa anayeanza. Onja supu kabla hujaweka kitu chochote, kisha ongeza ndimu au siki ya vitunguu saumu, pilipili kidogo, na vile vijiti vya unga vya kukaanga vinaitwa *quẩy*, unavichovya. Bakuli ni kama elfu 50 mpaka 80. Kama unakula kuku tu, kuna *phở gà*, supu nyepesi na tamu vilevile.

### Saa mbili asubuhi: Ba Đình

Ita pikipiki ya Grab (helmeti vaa, watakupa) mpaka uwanja wa Ba Đình. Hapa ndipo Ho Chi Minh alisoma tamko la uhuru tarehe 2 Septemba 1945, na mwili wake umehifadhiwa kwenye lile jengo la mawe ya kijivu.

Saa zake shika hizi: ni asubuhi tu. Miezi ya joto ni saa moja na nusu mpaka saa nne na nusu, miezi ya baridi saa mbili mpaka saa tano. Jumatatu na Ijumaa pamefungwa. Na kila mwaka katikati, kwa kawaida kuanzia Juni mpaka Agosti, wanafunga kwa wiki kadhaa kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo angalia tangazo kabla ya kupanga safari.

Ndani ni kimya. Mabega na magoti vifunikwe, kofia vua, mikono usiweke mfukoni, kamera haziruhusiwi, begi utaliacha. Foleni inaonekana ndefu lakini haisimami. Wavietnamu wengi wanakuja hapa kwa heshima ya kweli, wengine wazee wametoka mikoa ya mbali, nawe nenda kwa heshima hiyo hiyo.

Ukitoka, humohumo kwenye eneo kuna nyumba ya mbao juu ya nguzo alimoishi, na hekalu la Nguzo Moja lililoanza kujengwa mwaka 1049. Hekalu ni dogo, dakika kumi zinatosha.

### Saa nne: Văn Miếu

Kwa miguu ni kama dakika 20, au Grab. Hili ni Hekalu la Fasihi, lilianzishwa mwaka 1070, na ndilo lililo kwenye noti ya laki moja uliyonayo mfukoni, itoe ulinganishe. Cha kuona hasa ni mawe 82 yaliyosimama juu ya migongo ya kobe wa mawe, yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani ya juu ya kifalme. Majina ya watu wa miaka mia tano iliyopita bado yanasomeka, kwa sababu tu walisoma wakafaulu. Kobe msiwaguse vichwa, zamani wanafunzi waliwapapasa kwa ajili ya bahati mpaka mawe yakaanza kulika, siku hizi wamewekewa uzio. Ukiwa na bahati utakuta wahitimu wa vyuo wamekuja kupiga picha, wasichana wamevaa áo dài, vazi lao la kitamaduni, na hapo ndipo mahali panapendeza zaidi.

Utajua umefanikiwa kama saa tano umemaliza haya yote na njaa imeanza tena.

## Hatua ya 5: Mchana, bún chả, na namna ya kujua unakula nini

Kuanzia saa tano mpaka saa saba na nusu mchana Hanoi inanuka moshi wa mkaa. Ni bún chả. Vipande vya nguruwe na kababu ndogo za nyama ya kusaga vinabanwa kwenye wavu, vinachomwa mkaani huku mtu anapepea na kipepeo palepale njiani, mafuta yanadondoka, moshi unapanda, unasikia harufu kabla hujaona kibanda, kama mishikaki ya usiku ya kwetu.

Meza inakuja na vitu vitatu: bakuli la mchuzi wa vuguvugu wa samaki, siki na sukari uliojaa nyama na vipande vya papai bichi, sahani ya tambi nyembamba nyeupe, na rundo la majani mabichi. Makosa ya wageni ni kumimina tambi zote ndani ya bakuli. Chukua tambi kidogo kwa vijiti, majani kidogo, chovya, kula pamoja na nyama, rudia. Ukimimina zote zinaganda na mchuzi unapoa. Agiza na *nem cua bể*, sambusa zao za kaa za kukaanga.

Mtaa wa Lê Văn Hưu ndipo palipo na duka la Hương Liên ambalo Barack Obama alikula na Anthony Bourdain, yule mpishi wa Kimarekani wa vipindi vya safari, Mei 2016, meza yao imefunikwa kwa kioo. Chakula ni kizuri, ila kusema ukweli kibanda chochote chenye moshi mwingi na watu wa ofisini wamejaa mchana kinatosha.

### Kwa asiyekula nguruwe

Bún chả ni nguruwe moja kwa moja, na Hanoi nguruwe anaingia mahali usipotegemea, hata kwenye supu ya mboga au mafuta ya kukaangia. Maneno haya yaandike kwenye karatasi:

- *thịt lợn* ni nguruwe (kusini mwa nchi wanasema *heo*)
- *bò* ng'ombe, *gà* kuku, *vịt* bata
- *cá* samaki, *tôm* kamba
- *thịt chó* mbwa, ipo ila siyo nyingi, na haifichwi kwenye chakula kingine
- *lạc* karanga, kwa wenye mzio, wanazinyunyizia sana
- *chay* ni chakula kisicho na nyama, migahawa yake ipo mingi, na wateja wanakuwa wengi zaidi tarehe mosi na 15 za mwezi mwandamo

Kwa Waislamu, Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược namba 12, ndani ya mji wa zamani kabisa, ulijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19. Ijumaa nenda ukaswali pale, halafu waulize waumini wapi wanakula, utapata jibu la uhakika kuliko la mtandaoni. Phở ya ng'ombe haina nguruwe lakini siyo kwamba imechinjwa kihalali, hilo ni la kuamua mwenyewe. Chaguo la salama zaidi ni samaki, na hapo Hanoi inakupa *chả cá*: samaki aliyepakwa manjano anamaliziwa kukaangwa mezani kwako kwenye kikaango, na juu yake rundo la vitunguu vya majani na majani mabichi yenye harufu inayokaribia ya shamari. Mchuzi wa kamba uliochachushwa, *mắm tôm*, unanuka kweli kweli, ukishindwa waombe mchuzi wa samaki, *nước mắm*.

### Namna ya kuchagua kibanda

Angalia wateja, wawe wenyeji na wawe wanabadilika haraka, maana chakula hakikai. Angalia kama wanapika kitu kimoja au viwili tu, maana wenye menyu ya kurasa kumi na picha wanapikia watalii. Viti vya plastiki vya chini sana visikutishe. Uliza bei kabla ya kukaa, *bao nhiêu?*, au onyesha kwenye kikokotoo cha simu. Maji kunywa ya chupa.

Utajua umefanikiwa ukila umekaa katikati ya wenyeji, umelipa bei uliyoambiwa mwanzo, na umejua kila kilichokuwemo bakulini.

## Hatua ya 6: Alasiri, mitaa ya zamani na kahawa ya yai

Saa saba na nusu mpaka saa tisa pumzika, hasa miezi ya joto. Wenyeji wenyewe wanalala.

Baada ya hapo ingia mji wa zamani. Mitaa iligawanywa kwa bidhaa na mingi bado inaendelea hivyo. Hàng Thiếc wanagonga bati mchana kutwa, Hàng Mã imejaa karatasi nyekundu na taa za sherehe, Hàng Gai ni hariri, Lãn Ông ni dawa za miti shamba na harufu yake inakupokea kona ya mtaa. Usitumie ramani hapa, potea tu kidogo, ukitaka kurudi uliza ziwa.

Saa kumi nenda Café Giảng, Nguyễn Hữu Huân namba 39. Mlango ni uchochoro mwembamba, unaweza kuupita bila kuuona. Kahawa ya yai ilianzia kwa mwanzilishi wa duka hili mwaka 1946, wakati maziwa yalikuwa adimu, akapiga kiini cha yai mpaka kikawa povu zito akakiweka juu ya kahawa kali. Kikombe kinakuja kimekaa ndani ya bakuli la maji ya moto ili kisipoe. Lamba povu kwanza kwa kijiko, ni tamu na nzito, halafu koroga kahawa ya chini inywe kabla haijapoa, ikipoa harufu ya yai inajitokeza. Mjamzito aiache, yai halijaiva.

Maangalizo ya mitaani: mwanamke mwenye vikapu vya matunda anayekutwika begani uvibebe upigwe picha, baadaye anataka hela nyingi. Kijana anayeshika kiatu chako na kukipaka gundi bila kuombwa, halafu anadai hela. Baiskeli ya magurudumu matatu ambayo bei ilikuwa "laki moja" na mwisho wa safari ikawa laki moja kwa kila mtu. Kote huko jibu ni kutabasamu, kutikisa kichwa na kuendelea kutembea.

Ule mtaa wa treni unaoonekana sana mitandaoni, wenye migahawa kando ya reli, mamlaka wameufunga mara kadhaa kwa sababu za usalama na mara nyingi kuna kizuizi na mlinzi. Ukikuta kizuizi, rudi. Ukiingia na mwenye mgahawa, kaa pale alipokuonyesha, miguu ndani, mtoto mshike, treni inapita karibu mno na ukuta. Picha siyo ya kufia.

## Hatua ya 7: Jioni na usiku

Saa kumi na moja jioni panda daraja la Long Biên, la chuma, lilijengwa na Wafaransa kati ya 1899 na 1902, lilipigwa mabomu mara nyingi wakati wa vita na Marekani na likarekebishwa kila mara. Utaona vipande vya chuma visivyofanana. Treni inapita katikati, pikipiki pembeni, na la kushangaza pikipiki hapa zinapita kushoto kama kwetu. Chini kuna mashamba ya migomba kwenye kisiwa cha mto Mwekundu. Sakafu yake ni chakavu, tazama unapokanyaga.

Kisha rudi ziwani Hoàn Kiếm. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku barabara zinazolizunguka zinafungwa magari na pikipiki, watoto wanacheza, wazee wanacheza dansi, wanafunzi wanakuja kuomba kuzungumza Kiingereza na wewe. Wakubalie, ni watoto wazuri. Watu watakuomba picha pia, Mwafrika bado anaangaliwa sana Hanoi, na mara nyingi ni udadisi wa urafiki. Kama hutaki sema hapana, wanaelewa. Hekalu la Ngọc Sơn lenye daraja jekundu linafungwa jioni, kwa hiyo kama unataka kuingia ndani kumwona kobe mkubwa wa ziwa hilo aliyehifadhiwa, nenda mapema kabla ya Long Biên.

Jirani na ziwa kuna ukumbi wa Thăng Long wa vikaragosi vya majini, wachezaji wako nyuma ya pazia wamesimama ndani ya maji, muziki unapigwa hapohapo. Tiketi nunua asubuhi au siku moja kabla, jioni viti vizuri vinakuwa vimeisha. Hata usipoelewa lugha, utaelewa.

Usiku kula kidogo kidogo. *Bánh mì*, mkate wa kuoka unaopasuka ganda ukiuma, ndani nyama au yai (*trứng*), kachumbari na pilipili. Asiyekula nguruwe aseme yai peke yake na *không pa-tê* (bila pate), maana ile pate ni ini la nguruwe. *Nước mía* ni juisi ya miwa, ile ile, ila wanaisaga na kidimu chenye harufu nzuri sana. Kona ya Tạ Hiện wanywaji wanakaa kwenye viti vidogo na bia nyepesi inayoletwa mbichi kila siku, *bia hơi*, pana kelele na msongamano, pochi weka mbele.

Utajua umefanikiwa kama saa nne usiku unarudi hotelini kwa miguu, unavuka barabara bila kufikiria.

## Mambo yakiharibika

Tumbo likivurugika, chumvi na sukari ya kuongezea maji inapatikana duka lolote la dawa, ulizia *Oresol*. Pumzika siku moja, kula *cháo*, uji wa mchele. Kukiwa na homa kali au damu nenda hospitali, usingoje.

Mvua ikishuka, koti la plastiki linauzwa kila kona kwa bei ndogo, na hiyo ndiyo siku ya kwenda makumbusho ya wanawake au gereza la zamani la Hỏa Lò, yote mawili yako karibu na ziwa.

Polisi ni 113, gari la wagonjwa ni 115. Picha ya pasipoti na viza weka kwenye simu na kwenye barua pepe.

Siku ya kuondoka toka mjini masaa manne kabla ya ndege, asubuhi na jioni foleni ya kwenda Nội Bài ni nzito. Na dong zilizobaki zitumie au zibadilishe palepale uwanjani kabla hujapita ukaguzi, huku Dar na Nairobi kupata mtu wa kuzichukua ni kazi kubwa.